Kutoka Makala Mapya Hadi "Je, Wajua?": Uwasilishaji wa Makala katika Wikipedia na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya makala mapya ya Wikipedia tangu yanapoandikwa hadi yanapotajwa katika safu ya "Je, Wajua?" kwenye ukurasa wa mwanzo wa ensaiklopidia hiyo. Yanaeleza masharti ya safu, namna ya kutunga sentensi ya kumvuta msomaji, na hatua za uhakiki. Mfano unaotumiwa ni diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Hoja kuu ni kwamba sentensi moja ya safu hii haisimami bila chanzo kilichochapishwa, na kwamba sharti hilo linafichua pengo katika taaluma ya Kiswahili: mengi yanayojulikana na wenye lugha hayajaandikwa mahali pa kurejelewa.

1.0 Utangulizi

Mtegaji wa kitendawili huanza kwa kuita hadhira yake. Husema "Kitendawili!" nayo hadhira humjibu "Tega!" Hapo ndipo anapotoa fumbo lake kwa maneno machache. Hadhira ikishindwa kulitegua hudaiwa mji, na mtegaji akisha kupewa mji anaoukubali ndipo anapotoa jibu. Utaratibu huu unafahamika kwa kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba maneno machache huamsha hamu, na hamu humfikisha msikilizaji kwenye maarifa.

Muundo unaokaribiana na huo unapatikana katika Wikipedia. Ensaiklopidia hii ya mtandaoni, inayoandikwa na kuhaririwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Kuanzia Februari 2004 toleo la Kiingereza limekuwa na safu katika ukurasa wake wa mwanzo ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa "Je, Wajua?" Safu hiyo huorodhesha mambo ya kuvutia yanayotoka katika makala mapya. Kila jambo huelezwa kwa sentensi moja inayotanguliwa na nukta tatu na kumalizikia kwa alama ya kuuliza. Jina la makala yanayohusika hukolezwa wino na kuwekewa kiungo. Msomaji aliyeingiwa na hamu hubofya kiungo hicho na kuyafikia makala kamili. Kwa lugha ya vitendawili, huko ndiko kutoa mji.

Hata hivyo, ipo tofauti ya msingi. Jibu la kitendawili hutoka kwa mtegaji, na hadhira hulipokea kwa kuwa jamii imelikubali. Mwandishi wa safu hii haaminiwi kwa neno lake. Anatakiwa kuonyesha ni nani aliyelisema jambo hilo kabla yake, katika maandishi gani, na ukurasa wa ngapi. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya.

2.0 Swala la Istilahi

Wahariri wa toleo la Kiingereza huiita sentensi ya safu hii kwa neno lenye maana ya ndoana. Mwanafunzi wa tafsiri atajiuliza kama Kiswahili nacho kifuate sitiari hiyo. Mvuvi wa pwani anajua kwamba ndoana na chambo ni vitu viwili. Chambo ndicho kinachomvuta samaki. Ndoana ndiyo inayomnasa. Chambo bila ndoana huliwa bure, na ndoana isiyo na chambo hurudi juu kama ilivyoshushwa.

Sentensi nzuri ya "Je, Wajua?" inahitaji vyote viwili. Mvuto wake ni chambo. Ukweli uliothibitishwa kwa rejeleo ni ndoana. Kwa kuwa msomaji wa ukurasa wa mwanzo hukutana kwanza na mvuto, makala haya yanatumia neno chambo kwa sentensi hiyo, huku yakisisitiza kwamba ndoana imo ndani yake.

3.0 Masharti ya Makala Yenyewe

3.1 Upya

Sharti la kwanza ni upya. Makala huwa mapya iwapo yameanzishwa katika muda wa siku 7 kabla ya kuwasilishwa. Makala ya zamani nayo yaweza kukubaliwa ikiwa matini yake yamepanuliwa mara 5 ndani ya muda huohuo, au ikiwa yamepandishwa daraja hivi karibuni na kutambuliwa rasmi kuwa makala mazuri. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwandishi ni kutafuta kama mada yake tayari ina ukurasa. Ikiwa ukurasa upo, kazi yake si kuanzisha bali ni kupanua.

Siku hizo 7 hazimlazimishi mwandishi kuandika kwa pupa. Anaweza kuandaa rasimu katika ukurasa wake wa mazoezi kwa majuma au miezi. Hesabu huanza siku rasimu inapohamishiwa mahali pa makala halisi. Aidha, makala yaliyotafsiriwa kutoka toleo la lugha nyingine huhesabiwa kuwa mapya, mradi chanzo cha tafsiri kitajwe. Kanuni hii ina faida kwa wanafunzi wa Kiswahili. Mwandishi anaweza kuyaandika makala yake kwanza kwa Kiswahili, akaliachia toleo la Kiswahili mchango wa kudumu, kisha akayatafsiri kwa Kiingereza ili yafikie safu.

3.2 Urefu

Matini ya makala yasipungue herufi 1,500, nafasi zikiwemo. Kinachohesabiwa ni aya za maelezo peke yake. Orodha, majedwali, maelezo ya picha na marejeleo havihesabiwi. Kiwango hiki si kikubwa, kwani aya tatu au nne za wastani hukifikia. Lakini kinatosha kumzuia anayetaka kutundika sentensi mbili na kuziita makala.

3.3 Vyanzo na Lugha

Makala yanatakiwa kuegemea vyanzo vilivyochapishwa na vinavyoaminika, hasa vile visivyotoka kwa mhusika mwenyewe. Dibaji ya mtunzi inaweza kuthibitisha nia yake, lakini haiwezi peke yake kuthibitisha umuhimu wa kitabu chake. Maoni na matokeo ya utafiti ya mwandishi wa makala hayaruhusiwi. Lugha isiegemee upande wowote, na maneno ya watu wengine yasinakiliwe kana kwamba ni ya mwandishi. Mhakiki hulinganisha makala na vyanzo vyake, na wizi wa maandishi ukibainika, wasilisho husimamishwa.

Kuna sharti jingine linalowashinda wageni wengi. Jambo linalotajwa katika chambo ni lazima limo katika makala, tena sentensi inayolieleza iwe na rejeleo lake papo hapo. Haitoshi kuweka rejeleo moja mwishoni mwa aya ndefu na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

4.0 Kutunga Chambo: Mfano wa Sauti ya Dhiki

Ili kuyaona masharti haya yakifanya kazi, chukua mfano wa mwanafunzi anayeandika makala kuhusu Sauti ya Dhiki. Historia ya diwani hii inajulikana. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? ambacho kiliikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Kwa sababu hiyo alishtakiwa kwa uchochezi na akawa kifungoni kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Humo alitunga mashairi ambayo yalichapishwa mwaka 1973 na Oxford University Press kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Jaribio la kwanza la mwanafunzi huenda likawa hivi:

"... kwamba Sauti ya Dhiki ni diwani ya mashairi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1973?"

Sentensi hii ni ya kweli na rejeleo lake ni rahisi kupatikana. Kasoro yake ni kwamba haina chambo. Diwani nyingi zimechapishwa, na msomaji asiyejua Kiswahili hana sababu ya kusimama hapo. Mwanafunzi anaweza kupotokea upande wa pili:

"... kwamba Sauti ya Dhiki ndiyo diwani bora kuliko zote zilizowahi kutungwa gerezani barani Afrika?"

Hapa mvuto upo, lakini ndoana haimo. Neno "bora" ni hukumu ya mwandishi. Hata kama mhakiki mmoja wa fasihi amewahi kusema hivyo, hayo yangekuwa maoni yake na yangepaswa kuhusishwa naye kwa jina. Maneno kama "wa kwanza", "pekee" na "kuliko wote" huhitaji ushahidi mzito, kwani mfano mmoja tu wa kinyume unatosha kuyavunja.

Kosa la tatu huwanasa zaidi wanafunzi wa fasihi. Ni kutunga chambo kinachokaa ndani ya ulimwengu wa kubuni peke yake. Mtu anayeandika kuhusu riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert anaweza kupendekeza kwamba Karama alishtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Jambo hilo limo katika riwaya, lakini Karama si mtu wa historia. Kanuni inataka chambo cha kazi ya kubuni kigusane na ulimwengu halisi kwa njia fulani: mwandishi wake, uchapishaji wake, mapokezi yake au athari yake.

Baada ya kuyaepuka hayo, mwanafunzi anaweza kuandika:

"... kwamba mtunzi wa Sauti ya Dhiki alifungwa kwa kuikosoa serikali ya Jomo Kenyatta, kisha mwaka 1974 diwani aliyoitunga kifungoni ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta?"

Sentensi hii haifiki herufi 180, hata nafasi zikihesabiwa. Kikomo cha safu ni 200. Nguvu yake haitokani na sifa yoyote ya kupamba. Inatokana na mambo mawili ya kweli yaliyowekwa karibu, na msomaji huachiwa mwenyewe kuona kinaya kilichopo kati yao. Anayejua historia ya Kenya atatabasamu. Asiyeijua atataka kuuliza ilikuwaje, naye atabofya.

Ni vyema kuchunguza pia neno lililoachwa. Rasimu ya mwanzo ingeweza kusema "Kenyatta alimfunga mtunzi". Maneno hayo ni mafupi na yana kishindo, lakini aliyehukumu ni mahakama. Kusema kwamba mtunzi "alifungwa kwa kuikosoa serikali" kunataja sababu bila kumtwika mtu mmoja tendo la chombo kingine. Usahihi wa namna hii ndio mhakiki anaoutafuta. Vilevile, kanuni huzidi ukali pale mhusika anapokuwa mtu aliye hai: chambo hakiruhusiwi kuelemea upande mbaya wa maisha yake bila sababu. Katika mfano huu kifungo ni sehemu ya historia ya diwani yenyewe, na sentensi inamalizikia kwenye tuzo.

5.0 Uwasilishaji na Uhakiki

Chambo kikiwa tayari, mwandishi hufungua ukurasa wa wasilisho, akataja jina la makala, akaweka chambo chake na rejeleo linalokithibitisha. Anashauriwa kutoa vyambo viwili au vitatu ili mhakiki awe na nafasi ya kuchagua. Anaweza pia kupendekeza picha, lakini picha ya ukurasa wa mwanzo ni lazima iwe huru kihakimiliki. Jalada la kitabu ambacho hakimiliki yake bado ipo haliwezi kutumika hapo.

Hakuna anayeruhusiwa kuidhinisha wasilisho lake mwenyewe. Mhariri mwingine huja kukagua upya wa makala, urefu, marejeleo, lugha na chambo. Akiona kasoro huziandika, na mwandishi hujibu. Mjadala huu hufanyika mbele ya watu wote, na kumbukumbu yake hubaki. Kwa mwanafunzi aliyezoea kurudishiwa insha yenye alama na neno moja la msimamizi, hili ni zoezi la aina nyingine. Anatakiwa kuitetea sentensi yake kwa ushahidi, na kukubali kuibadilisha ushahidi unapokosekana.

Anayewasilisha naye hudaiwa. Mgeni husamehewa mwanzoni, lakini aliyekwisha kuwasilisha mara 5 au zaidi ni lazima akague wasilisho la mwingine kwa kila moja analolileta. Ni nipe nikupe. Bila utaratibu huo, foleni ya mawasilisho ingejaa waandishi na kukosa wasomaji.

Wasilisho likiidhinishwa hupangwa pamoja na mengine katika kundi, kundi huingia kwenye foleni, na zamu yake inapofika programu inayojiendesha huliweka kwenye ukurasa wa mwanzo. Hukaa hapo kwa saa 24, au saa 12 mawasilisho yanapokuwa mengi. Kisha hupisha mengine na kuhifadhiwa katika kumbukumbu za safu. Makala yenyewe hubaki mahali pake.

6.0 Ndoana Inapokosekana: Tatizo la Vyanzo

Mfano wa Sauti ya Dhiki ni mwepesi kwa sababu diwani hiyo imeandikiwa sana. Ugumu huanza mwanafunzi anapogeukia mada ambayo wenyeji wote wanaijua lakini haijaandikwa. Mzee wa Lamu anaweza kueleza ni nani aliyetunga utenzi fulani na katika tukio gani. Maelezo yake yanaweza kuwa sahihi kuliko kitabu chochote. Hata hivyo, Wikipedia haiwezi kumtaja kama chanzo, kwa kuwa msomaji aliye mbali hana njia ya kuyathibitisha aliyoyasema. Mwanafunzi akimhoji na kuyaweka mahojiano hayo moja kwa moja katika makala, atakuwa ameleta utafiti mpya mahali ambapo utafiti mpya haupokelewi.

Wapo wanaoona sharti hili kuwa dhuluma kwa jamii zilizohifadhi elimu yake kwa ulimi. Hoja yao ina uzito. Ensaiklopidia inayojali karatasi peke yake itawapendelea waliochapisha mapema, na wengi wa hao walikuwa wageni. Hata hivyo, historia ya ushairi wa Kiswahili inaonyesha njia ya kutoka katika kizuizi hiki. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yaliendelea kuishi katika kumbukumbu za watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alishirikiana na William Taylor kuyakusanya na kuyaandika, na mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka. Laiti Mwalimu Sikujua asingeshika kalamu, leo huenda mengi ya mashairi hayo yangekuwa yamezikwa pamoja na waliokuwa wakiyakumbuka.

Funzo lake ni kwamba elimu ya mdomo inahitaji kituo cha kati kabla ya kufika katika ensaiklopidia. Kituo hicho ni utafiti uliohakikiwa na kuchapishwa: kitabu, makala ya jarida la kitaaluma, tasnifu iliyokubaliwa na chuo na inayoweza kusomwa na watu. Idara za Kiswahili zimezalisha tasnifu nyingi ambazo zimelala katika rafu za maktaba, zikisomwa na watahini na pengine mwanafunzi mmoja au wawili baada yao. Kila tasnifu isiyochapishwa ni vyambo vingi visivyo na ndoana.

Inafaa kuongeza kwamba lugha ya chanzo si kikwazo. Toleo la Kiingereza hukubali vyanzo vya lugha nyingine. Mhakiki asiyejua Kiswahili anaweza kuomba nukuu na tafsiri yake, au akalipokea rejeleo kwa nia njema. Makala yaliyochapishwa kwa Kiswahili katika jarida lenye uhakiki yanaweza basi kuthibitisha sentensi itakayosomwa duniani kote. Nia njema hiyo nayo ni amana. Anayepotosha chanzo kwa kutegemea kwamba mhakiki hawezi kukisoma huwaharibia njia wenzake wote wa lugha yake.

7.0 Hitimisho

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki si wageni katika Wikipedia. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Kiswahili yaliyowalenga wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Mashindano huisha na zawadi hutolewa. Kinachohitajika ni mazoea, na safu ya "Je, Wajua?" inaweza kuwa njia mojawapo ya kuyajenga, kwa kuwa kazi yake ni ndogo, ina muda maalum, na ina mhakiki anayejibu.

Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza kwa zoezi jepesi. Kila mwanachama achague kitabu kimoja cha Kiswahili, aandike herufi 1,500 kukihusu, kisha atunge sentensi moja isiyozidi herufi 200. Mwenzake aikague na kumwuliza swali moja tu: umeyajuaje haya? Wenye jibu wawasilishe makala yao. Wasio na jibu watakuwa wamegundua mada ya utafiti, na wanalo deni la kuifanyia kazi kabla ya wazee wanaoijua hawajaondoka nayo.